Mwezi wa kalenda na mwezi wa wavuvi

UVIRA – Masikilizano yalifanyika Alhamisi, 14 Agosti 2025, siku moja kabla ya ziwa kufunguliwa. Mwenye chombo ni mama mjane wa Kalundu. Aliyekodi ni mvuvi wa Mulongwe, baba wa watoto wanne, ambaye mtumbwi wake mwenyewe ulipotea mwezi wa pili wakati mji mzima ulipokuwa ukikimbia. Waliketi juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mama, mtoto wa kaka yake akawa shahidi. Katamarani, wavu na taa nne: dola 150 kwa mwezi mmoja. Nusu ilipwe katikati, nusu mwishoni. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Wakapeana mikono, mama akaleta chai.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza ni mwezi gani.

Msikilizaji aliyezaliwa kando ya ziwa, hata kama leo yuko Musenyi au Nyarugusu, ameshaona mahali pa ugomvi. Kwa mama mwenye nyumba ya kulipa na wajukuu wa kuvisha, mwezi ni siku thelathini: unaanza tarehe 15, unaisha tarehe 15. Kwa mvuvi wa taa, mwezi ni ule ulio juu. Unapokuwa mkubwa, ndagala hawaiangalii taa, kwa sababu maji yote yanang'aa na taa inakuwa kitu cha bure. Watu wanafunga vyombo, wanashona nyavu, wanalala na wake zao usiku kama wafanyakazi wa ofisi. Mwezi ukipungua, kazi inarudi. Wavuvi wanahesabu kwa giza. Ukimwuliza mzee wa Kalundu mtoto wake alizaliwa lini, anaweza kukujibu kwamba ilikuwa giza la pili baada ya mvua kukatika.

Baba huyo alikuwa na sababu ya kuharakia. Mwezi wa pili, Bukavu ilipochukuliwa na habari zikashuka bondeni kuliko magari, yeye na mke wake waliwabeba watoto wakapita Kavimvira pamoja na maelfu ya wengine. Watu zaidi ya 60,000 waliingia Burundi katika majuma yale. Wengi waliovuka Ruzizi upande wa Cibitoke walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, chini ya mvua, kabla ya kupelekwa kambi ya Musenyi, upande wa Rutana. Familia hii ilipelekwa Musenyi pia. Mwezi wa sita baba alirudi peke yake kuona kama kuna kitu kimebaki. Nyumba ilikuwapo. Mlango haukuwapo. Mtumbwi aliouacha umefungwa kwenye mti wa mwembe, pamoja na wavu wa miaka minne, ulikuwa umechukuliwa, na kila aliyemwuliza alimtaja mtu mwingine.

Alirudi wakati mbaya kwa mvuvi. Nchi nne zinazogawana Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kwamba ziwa lipumzike kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae na wadogo wakue. Jambo lenyewe lina akili. Ndagala anaishi kama mwaka mmoja tu. Ukimvua mtoto kwa chandarua, umekula mbegu. Na si nyavu peke yake zinazolipunguza ziwa. Wataalamu waliolipima wanasema maji ya juu yamepata joto kuliko zamani, na maji ya joto ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta, kwa hiyo ule utajiri ulioko chini hauchanganyiki na kupanda kama ilivyokuwa. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya kumfaa samaki. Wanaishi kwenye ngozi ya juu tu. Hiyo yote ni kweli. Na ni kweli pia kwamba hakuna aliyekuja Mulongwe na gunia la unga kuwaambia wavuvi: kuleni hiki mkisubiri. Baba alibeba mchanga wa ujenzi miezi miwili. Alifyatua matofali Kasenga. Alimwahidi mke wake kwa simu kwamba ziwa likifunguliwa, kabla shule hazijaendelea mbali, atakuja kuwachukua.

Kwa nini akodi kwa bei ya kukata, wakati desturi ya hapa ni kugawana? Desturi inajulikana: unatoa gharama za usiku, kinachobaki unakipasua katikati, nusu ya mwenye chombo, nusu ya vijana. Ni desturi nzuri ikiwa mwenye chombo yuko ufukoni alfajiri kuhesabu mabeseni. Mama huyu hakuwa nao mtu. Mume wake alifariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo aliwaachia vijana mbalimbali chombo kwa kugawana, na kila asubuhi mabeseni yalikuwa machache kuliko yale majirani walioyaona yakishuka. Ndagala ni wepesi kuuzwa majini kabla ya kufika nchi kavu. Mtumbwi mdogo unakuja, beseni tatu zinahama, nani atajua? Kwa hiyo safari hii alisema hataki kuhesabu samaki wa mtu. Anataka pesa yake.

Ijumaa jioni, tarehe 15, Mulongwe ilikuwa kama sikukuu. Kwa wasiojua kazi: katamarani ni mitumbwi miwili iliyoshikwa pamoja kwa miti mirefu, na wavu mpana unaning'inia katikati, chini kabisa. Unaenda jua likiwa limeshajificha nyuma ya Mitumba, maana hapa milima inameza jua mapema na Burundi bado inawaka. Unafika mahali, unateremsha wavu, unawasha taa juu ya maji, unangoja. Ndagala wanapanda kwenye mwanga, kwanza kama vumbi, kisha kama mvua iliyogeuzwa. Nyuma yao wanakuja mikeke kuwala. Unazima taa moja moja hadi wajikusanye chini ya iliyobaki, halafu watu wanavuta kamba kwa pamoja na wavu unapanda nao. Mababu walifanya hivyo kwa moto wa kuni na lusenga, wavu wa mpini mrefu. Baadaye zikaja taa za petroli, na Wagiriki wa Bujumbura na meli zao za nyavu kubwa miaka ya 1950. Leo ni taa za betri, ambazo hazinuki na hazizimwi na upepo, lakini lazima uzichaji mahali, na mahali penye umeme wa jua panatoza.

Usiku ule taa zilikuwa nyingi hata mtu aliyesimama Kalundu alishindwa kujua ziwa linaishia wapi na Bujumbura inaanzia wapi. Mwezi ulikuwa nusu, ukatoka usiku wa manane. Vijana watano wa baba huyo walivuta mara tatu wakarudi na beseni kumi na moja. Walikuwa wakiimba.

Asubuhi waliacha kuimba. Kila mtu alikuwa na ndagala. Miezi mitatu mji ulikula majani ya mihogo na maharagi, halafu siku moja samaki wakajaa hadi njiani. Zamani magari yangekuwa yamesimama hapo yakingoja, kwa sababu ndagala wa Uvira walikuwa wakila barabara ya bonde kwenda Bukavu kwa magunia. Lakini wakati ule, mwaka 2025, barabara hiyo ilikuwa na mstari wa vita katikati. Akina mama wachuuzi walichukua kwa deni, wakaanika juu ya mchanga, na bei ya beseni ikashuka mpaka haikutosha kuchaji betri na kuwapa vijana mkate. Juma la pili bei ilipanda kidogo lakini upepo wa kusini ukaja, ule wa mwisho wa kiangazi, unaotengeneza mawimbi mafupi yenye hasira. Siku tatu hakuna aliyetoka. Siku ya nne walitoka wakarudi na beseni moja na wavu uliopasuka pembeni.

Hata hivyo tarehe 30 Agosti baba alipeleka nusu ya kodi, dola 75, na siku chache baadaye akaongeza 15. Alituma kitu Musenyi pia, kwa njia ya mfanyabiashara wa Gatumba anayekata chake. Akabaki na deni la dola 60. Mwezi ulikuwa umeshavuka nusu na kila usiku ulizidi kujaa. Taa zikapungua majini. Tarehe 3 Septemba akaivuta katamarani nchi kavu.

Hapo ndipo mama aliposhuka kutoka Kalundu, akaikuta imelala juu ya magogo.

– Baba, mbona chombo kinalala?

– Mwezi, mama.

– Mwezi gani? Mwezi wetu unaisha tarehe 15.

– Huo ni wa kalenda. Mimi nilikodi giza.

Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema neno ambalo watu wa Mulongwe bado wanalirudia: «Miye sili giza, baba. Miye ninakula kila siku.»

Ni vigumu kumwona mmoja wao kuwa mwovu. Mama alikuwa na watu kumi na mmoja ndani ya vyumba viwili, watano kati yao si wa ukoo wake: ni wahamaji waliotoka upande wa juu wa bonde, waliokaribishwa kwa siku tatu mnamo Februari na hawajapata pa kurudi. Nyumba yake ya kwanza, ile aliyojenga na mume wake karibu na bandari, iliingia majini mwaka 2024 ziwa lilipopanda. Bado unaweza kuona kuta zake mtumbwi unapopita. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Shule ya msingi ya serikali hailipiwi, lakini daftari, viatu na shati jeupe havitoki mbinguni. Juma lile tena mji ulikuwa na maandamano, maduka mengi yamefungwa, na aliyekuwa na franga chache hakupata pa kuzitumia bila kupigwa bei.

Baba naye hakukaa bure. Kila siku alikuwa kwenye mchanga na sindano ya mti, anashona pale wavu ulipopasuka. Aliziba nyufa za mtumbwi wa kushoto kwa pamba na lami. Alibadilisha mti mmoja uliooza. Hakuna aliyemwagiza.

Kisha ikaja Jumapili, tarehe 7 Septemba.

Redio zilikuwa zimetangaza kwamba mwezi utapatwa. Wengi hawakusikiliza, juma lile watu walikuwa wakisikiliza habari nyingine. Mwezi ulitoka juu ya milima ya Burundi jioni, mkubwa, mwekundu kidogo kama unavyokuwa kiangazi kwa sababu ya moshi wa mashamba. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu ukaanza kuliwa upande mmoja. Saa moja na nusu ulikuwa umefunikwa wote, rangi ya shaba iliyokaa motoni, na nyota ambazo hazikuonekana siku tano zikajitokeza zote mara moja. Watoto walipiga kelele. Mzee mmoja alivua kofia. Na vijana wa mtumbwi, ambao walikuwa hawajala vizuri tangu Jumatano, hawakutazama juu. Walitazama ziwa. Lilikuwa jeusi.

– Baba, wameuzima! Tuingie!

Alisita, na kila aliyekuwapo aliona kwamba alisita. Alikuwa na wavu uliokwisha kushonwa, betri mbili zenye chaji, na deni la dola 60 lililosimama ufukoni kwa miguu yake, kwa sababu mama naye alikuwa ameshuka na wajukuu kuona mwezi. Akapiga hesabu kwa sauti. Kuisukuma chini, robo saa. Kupiga kasia hadi penye kina, nusu saa. Kuteremsha wavu, kuwasha, kungoja wapande: saa nzima, wakiwa wakarimu. Redio ilisema mwezi utaanza kurudi kabla ya saa tatu kamili. «Tutavuta wavu mchana», akasema, na akakaa.

Vijana wawili hawakukaa. Walichukua mtumbwi mdogo wa jirani, taa moja, na lusenga la zamani, wakaenda karibu tu, pale maji yanapobadilika rangi mbele ya mdomo wa mto Mulongwe. Saa tatu kasoro dakika nane ukingo mweupe ulionekana juu, na ulipokuwa umefika nusu wao walikuwa wamesharudi. Walileta chini ya nusu beseni, lumbu wengi kuliko ndagala. Si kitu. Lakini katika juma lile lisilo na samaki, nusu beseni ilikuwa chakula cha nyumba mbili, na wale vijana, kwa utundu au kwa heshima, walimpelekea mama wa Kalundu sehemu ya kwanza, mbele ya baba.

Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hakusema kitu kwa baba. Ingekuwa afadhali angesema.

Usiku huo simu ya Musenyi ililia. Mke alitaka kujua kama na huko Uvira mwezi ulikuwa mwekundu. Alisema kambi nzima ilitoka nje, wengine wanasali, wengine wanasema ni damu ya Kivu. Kisha akauliza mambo ya kawaida: mlango umewekwa? Umewekwa, wa bati. Usiku kuna risasi? Zipo, si kila usiku. Chombo ni chako? Hapana, ni cha mama mmoja. Akafikiri. Watu waliokuwa karibu na baba walisikia sauti yake tu ikisema «ndiyo», «ndiyo», na mwisho «sawa, mama watoto». Mke alikuwa amesema hatarudi sasa. Mtoto wa mwisho amepona kuhara juzi tu. Atarudi siku mume atakapomwambia kwamba amelala ndani ya nyumba yake na kuvua ndani ya mtumbwi wake. Kwa sasa atume chochote anachoweza, na asikodi tena bila kuandika.

Shauri lilipelekwa kwa shefu wa avenue tarehe 11. Wazee watatu wa uvuvi waliitwa. Mmoja alimwunga mkono baba moja kwa moja: tangu lini mvuvi akalipa mbalamwezi? Wa pili alisema mama si mvuvi, na mtu anayemkodisha mtu kitu anahesabu kwa kalenda, kama nyumba. Maneno yakazunguka. Ni yule wa tatu, mzee mwenye jicho moja ambaye hasemi sana, aliyeomba waende kwanza kuiona katamarani. Wakaenda wote. Akaingiza mkono chini ya mtumbwi wa kushoto, akagusa lami. Akauvuta wavu, akatafuta pale ulipokuwa umepasuka, na akachelewa kupata, kwa sababu ulikuwa umeshonwa vizuri. Akauliza mti mpya ulinunuliwa na nani. Kisha akamwuliza mama: kama ungemlipa fundi kwa kazi hii, angekuomba ngapi?

Mama alijua bei ya mafundi. Alisema dola 30, baada ya kufikiri, na waliomjua walishangaa, kwa sababu angeweza kusema 15.

Ikakatwa. Zikabaki 30, za kulipwa katika giza linalokuja. Na masikilizano mapya yakaandikwa kwenye karatasi ya daftari la mjukuu, shefu akatia sahihi: chombo kinakodiwa kwa giza, si kwa mwezi. Bei ya giza moja ni dola 110, pamoja na beseni moja ya kula ya mama kila siku tano za kazi, apelekewe nyumbani. Siku za mwezi mkubwa mvuvi halipi, lakini chombo kikiharibika akiwa nacho, anatengeneza. Baba alitaka iandikwe pia kwamba mama hatamkodisha mtu mwingine kabla ya Desemba. Mama alikataa. Alisema Desemba iko mbali, na kwamba mwaka huu ameona mji unahama kwa siku moja.

Baba hakubisha.

Jumapili tarehe 14 mwezi ulikuwa umebaki nusu tena, wa kutoka usiku wa manane. Upepo ulikuwa umelala tangu juzi, na wazee walikuwa wakisema maji ya Septemba yameanza kubadilika harufu, dalili wanayoipenda. Bei ya beseni ilikuwa imepanda mara mbili ya ile ya Agosti, kwa kuwa mji haukuwa na samaki siku kumi. Saa kumi na mbili vijana waliisukuma katamarani kwenye magogo. Mjukuu wa mama, mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwapo na kipande cha karatasi na kalamu: ametumwa aandike saa waliyotoka. Baba alimwonyesha mahali pa kuandika.

Betri ya nne ilikuwa haijarudi kutoka kwa mwenye umeme wa jua, kwa kuwa pesa ya kuichaji haikutimia. Wakaenda na taa tatu.